Wasomaji Wanauliza: Umeme Ukikatika Kisiwani kwa Siku Nyingi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi visiwani, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: dhoruba, tetemeko au hitilafu kubwa ikikata umeme kwa wiki nzima au zaidi, nini kinafuata, na mtu ajiandae vipi? Tumechagua zile zinazowagusa wengi. Majibu yetu yanatofautiana, lakini msimamo wetu ni mmoja: usihangaike kuifanya nyumba nzima isizime. Chagua vitu vichache ambavyo havitakiwi kufa, uvipe njia yao wenyewe isiyotegemea gridi, yaani mtandao wa umeme wa shirika, na uijaribu njia hiyo kabla ya siku ya shida.

Mbona bara nguzo ikianguka unazima mtaa mmoja, lakini sisi hitilafu moja tu kisiwa kizima kinaingia gizani? Ni uzembe?

Uzembe unaweza kuwepo, lakini chanzo kikubwa ni udogo wa gridi yenyewe. Umeme haukai akiba ndani ya nyaya. Kila sekunde, unaofuliwa lazima ulingane na unaotumika, na kipimo cha ulinganifu huo ni masafa: mizunguko 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, 60 katika nyingine. Mashine moja ya kufua umeme ikizima ghafla, zilizobaki zinaubeba mzigo wake, zinalemewa, zinapungua kasi, na masafa yanashuka. Kwenye gridi kubwa ya bara pengo la mashine moja ni dogo, na gridi za jirani huliziba papo hapo. Kisiwani mashine hiyo moja inaweza kuwa theluthi au hata nusu ya umeme wote.

Vipo vifaa vya kinga vinavyokata baadhi ya mitaa ili kupunguza mzigo na kuokoa sehemu iliyobaki. Lakini masafa yakishuka kwa kasi kupita kiasi, vifaa hivyo havitoshi. Kwenye gridi ya mizunguko 50, yakikaribia 47 mashine zilizobaki nazo hujizima ili zisiharibike, moja baada ya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa Hokkaido, Japani, usiku wa tarehe 6 Septemba 2018. Tetemeko lilipiga saa tisa na dakika 7 usiku. Kituo cha Tomato-Atsuma, kilichokuwa kikitoa karibu nusu ya umeme wa kisiwa saa hiyo, kiliyumba, na dakika 18 baada ya tetemeko wateja karibu milioni 2.95 walikuwa gizani. Kebo ya kuunganisha na kisiwa kikuu cha Honshu ilikuwepo, ila uwezo wake haukutosha kuziba pengo.

Kisiwa kinachonunua umeme kutoka bara nacho kina udhaifu wake, hasa kikiwa na kebo moja ya chini ya bahari. Unguja ilitegemea kebo iliyolazwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 ilikatika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa karibu miezi mitatu. Kebo mpya ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013. Ukarabati wa kebo za namna hii huchukua muda kwa sababu kwanza lazima mahali palipokatika papimwe kwa vifaa kutoka nchi kavu, halafu ipatikane meli maalumu yenye mafundi wa kuunga, na kiungo chenyewe hutengenezwa mahali pakavu na safi kwa siku kadhaa. Unyevu kidogo tu ukiingia, kiungo kitapasuka tena. Bahari ikichafuka, kazi husimama.

Dhoruba ilipita salama na umeme haukukatika. Siku ya nne, usiku umetulia kabisa, nguzo zikaanza kutoa cheche na umeme ukaondoka. Kulikoni?

Ni chumvi. Upepo wa dhoruba hurusha manyunyu ya maji ya bahari hadi kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu. Maji hukauka juu ya vikombe vya nguzoni, yaani vile vya kauri au kioo vinavyotenganisha waya na nguzo, na kuacha utando wa chumvi. Chumvi ikiwa kavu haina tatizo. Usiku wa umande au manyunyu mepesi, utando unalowa, unaanza kupitisha umeme, na cheche hutambaa juu ya kikombe hadi laini inajikata. Mvua kubwa ingeisafisha chumvi yote. Umande huilowesha tu. Ukiona mwanga wa buluu au kusikia mlio wa kukaanga kwenye nguzo, toa taarifa na ukae mbali. Shirika lenye laini za pwani linapaswa kuviosha vikombe kwa maji safi mara dhoruba inapoisha, kabla umande haujafanya kazi yake.

Kwetu umeme ukikatika, baadaye simu zinakufa, halafu maji, halafu hata kununua kitu inakuwa tabu. Kuna mpangilio unaojulikana?

Upo, na ukiujua unaweza kuutangulia.

Pampu za maji husimama dakika ile ile. Bomba huendelea kutoa maji kwa sababu ya tangi la juu, hivyo watu hudhani maji yapo, wakati yaliyopo ni yale ya tangini tu. Minara ya simu ina betri, ambazo mara nyingi hubeba saa 4 hadi 8. Yenye jenereta hudumu zaidi, mradi mafuta yanafika. Kuanzia siku ya pili au ya tatu tatizo huwa ni mafuta. Hospitali na minara inayataka, na vituo vya mafuta vinayo chini ya ardhi, lakini pampu za kuyavuta zinatumia umeme. Bandari ikiwa imefungwa, yaliyopo ndiyo hayo. Malipo ya simu na mashine za kutolea fedha hukoma pamoja na mtandao, kwa hiyo weka fedha taslimu za wiki moja, noti ndogo ndogo, kwani wakati huo hakuna atakayekurudishia chenji.

Mtandao wa intaneti wa kisiwa unaweza kukatika hata umeme ukiwepo. Mlipuko wa volkano wa tarehe 15 Januari 2022 uliikata kebo ya kimataifa ya Tonga, na mawasiliano hayo yalichukua wiki tano kurudi. Kebo ya ndani, inayounganisha visiwa vya Tonga vyenyewe, ilichukua zaidi ya mwaka.

Madhara makubwa hayatokani na dhoruba yenyewe kila mara. Kimbunga Maria kiliipiga Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, tarehe 20 Septemba 2017, na wateja wa mwisho walirudishiwa umeme karibu miezi kumi na moja baadaye. Vituo vikubwa vya kufua umeme viko kusini, watumiaji wengi wako kaskazini, na laini zilizopita milimani kati yao ndizo zilizoanguka. Mwaka uliofuata serikali ilikubali makadirio ya vifo 2,975, na wengi wa hao walikufa katika miezi iliyofuata, si siku ya kimbunga. Ndiyo maana tunasisitiza maji na dawa kuliko taa.

Kwa maji, anza na hesabu hii. Mtu mmoja anahitaji walau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Watu watano kwa siku saba ni lita 525: mapipa mawili ya lita 200 na madumu saba ya lita 20. Yajaze dhoruba inapotangazwa, usisubiri kuona mawingu. Maji ya kunywa usiyoyaamini, yatibu kwa dawa ya klorini ya majimaji, ile ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita, yaani matone 40 (mililita 2) kwa dumu la lita 20. Koroga, funika, subiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha zidisha dozi mara mbili. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu kwenye joto imepungua nguvu, kwa hiyo nunua mpya kila mwaka. Na kumbuka kuwa klorini haiondoi chumvi: kisima kilichofunikwa na maji ya bahari kinahitaji kupampiwa mara nyingi hadi maji yabadilike ladha, na hilo linaweza kuchukua wiki au miezi.

Kwa simu, tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Ujumbe hupenya pale sauti inaposhindwa. Mnara ukifa, simu hutafuta mtandao bila kuchoka na kumaliza chaji, basi izime, uiwashe kwa saa mliyokubaliana na ndugu zako. Redio ndogo ya betri ni lazima.

Nimeweka paneli za sola juu ya paa, wati elfu tatu. Umeme wa gridi ulipokatika, nami nikabaki gizani na jua linawaka. Nimetapeliwa?

Hapana, ila hukuelezwa ulichonunua. Inveta yako, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, ni ya kuunganishwa na gridi. Inafuata mapigo ya gridi, na yakikosekana inajizima ndani ya sekunde mbili au chini ya hapo. Imelazimishwa kufanya hivyo ili isimuue fundi anayeshika waya akidhani hauna umeme. Isitoshe, bila betri hakuna cha kulinganisha jua linaloyumba na mzigo unaobadilika.

Dawa yake ni inveta ya mseto yenye betri na yenye tundu la pili la kutolea umeme wa dharura. Tundu hilo lipelekwe kwenye kisanduku kidogo cha pembeni cha kugawia umeme chenye sakiti chache: taa, friji, soketi moja ya kuchaji, pampu ikiwa ndogo. Fundi anayekuambia ataunganisha nyumba nzima bila kukuuliza mzigo wako, mshukuru na utafute mwingine. Paneli ulizonazo zinaweza kubaki. Kinachobadilika ni inveta, na kinachoongezeka ni betri na swichi ya kujitenga na gridi.

Halafu panda juu uangalie zilivyofungwa. Vimbunga vya mwaka 2017 huko Karibi viling'oa mitambo mizima ya sola na kuiacha mingine ikiwa salama, na tofauti mara nyingi ilikuwa bolti. Kibano kimoja kinachoshika paneli mbili kikilegea, paneli ya kwanza hutoka, ya pili inabaki wazi upande mmoja, nayo hutoka, na mstari wote unafuata. Tumia bolti zinazopita kwenye fremu yenyewe, nati zisizolegea kwa mtikisiko, na zikazwe kwa spana ya kipimo mara moja kwa mwaka. Fremu ya paneli ni ya alumini. Bolti za chuma cha kawaida zitaliwa na chumvi, weka za chuma kisichoshika kutu.

Sina uwezo wa mtambo mkubwa. Kwa taa, simu, redio na feni moja, ninunue betri ya ukubwa gani? Kila fundi ananipa jibu lake.

Hesabu mwenyewe, haizidi dakika kumi. Zidisha wati kwa saa. Taa 3 za LED za wati 7 kwa saa 5: 105. Simu 3, kila moja wati-saa 15: 45. Redio ya wati 5 kwa saa 6: 30. Feni ya volti 12, wati 20, kwa saa 8: 160. Jumla ni wati-saa 340 kwa siku.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema. Basi unayo 600, siku moja na robo tatu. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, volti 12.8 na ampea-saa 100, ina 1,280 na unaweza kutumia 1,000 bila wasiwasi: siku tatu. Ni ghali zaidi kuinunua, lakini kwa matumizi haya tungeichagua hiyo. Haiharibiki kwa kukaa bila chaji kamili, na ni nyepesi kuibeba ukilazimika kuhama.

Paneli: gawanya 340 kwa saa 5 za jua zuri, kisha kwa 0.7 kufidia joto, vumbi na upotevu. Unapata wati 97. Lakini hiyo ni siku ya jua. Baada ya dhoruba mawingu hukaa, na paneli inaweza kutoa robo tu ya kawaida. Weka wati 200 hadi 300, na kidhibiti chaji cha ampea 30. Usizifunge juu kabisa ya paa kama unaweza kuziweka mahali pa kuzishusha; paneli iliyolala ndani wakati wa upepo ndiyo itakayokuwepo kesho yake.

Kama unataka inveta ya wati 1,000, hapo ndipo nyumba huungua, kwa hiyo soma taratibu. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 100 ukihesabu upotevu. Waya uwe wa milimita za mraba 35, mfupi, usiozidi mita moja na nusu. Fyuzi ya ampea 125 ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka betrini, si upande wa inveta. Waya ukichubuka kabla ya fyuzi, hakuna cha kuukata: betri itamwaga nguvu yake yote mpaka waya uwe mwekundu. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo maalumu, visipigwe nyundo. Washa mzigo mkubwa kwa dakika 10, kisha gusa ganda la waya karibu na kila kiungo. Kilicho moto kuliko vingine kimelegea. Zima, kaza, jaribu tena.

Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji huonyesha volti 12.7 ikiwa imejaa, na karibu 12.2 ikiwa nusu. Usiiache chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, itajijengea utando wa salfeti na haitashika chaji tena. Betri za dharura nyingi hazifi kwa kutumika, zinafia stoo. Kila mwezi ichaji, iwashie taa zote jioni moja, uone inafika wapi.

Jenereta ndogo ya petroli inatosha? Na niiweke wapi ili isiibiwe?

Ya kilowati 2 inatosha friji, taa na kuchaji betri. Friji ya wati 120 huhitaji mara tatu hadi sita ya hapo wakati kompresa inaamka, ndiyo maana jenereta ya wati 600 hukoroma na kuzima.

Kuhusu wizi: watu wameiingiza ndani ya nyumba, barazani au chini ya dirisha, na familia nzima isiamke. Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na kufungua madirisha hakutoshi. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, bomba la moshi lielekee mbali na madirisha yako na ya jirani. Ifunge kwa mnyororo kwenye kitu kilichochimbiwa ardhini. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja wakati inawaka, tokeni nje wote kwanza, maswali baadaye.

Usiiwashe mchana kutwa. Kwenye nusu ya mzigo itakunywa karibu lita moja kwa saa, na kuweka petroli ya wiki mbili nyumbani ni hatari nyingine. Kuiwasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni kunatosha kurudisha ubaridi wa friji na kujaza betri. Betri ndiyo ibebe usiku. Hiyo ni lita 4 kwa siku. Jaza tangi mashine ikiwa imepoa. Petroli iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hadi sita huanza kuharibika na kuziba kabureta, basi izungushe: itumie kwenye chombo cha moto, ununue nyingine. Ukiiweka mashine stoo, funga koki ya mafuta na uiache iwake mpaka ijizime yenyewe.

Jambo moja hatutalipitisha kimya. Ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili kurudisha umeme nyumbani, ni wa kuua. Umeme wako wa volti 230 unatoka nje, unaingia kwenye transfoma ya mtaa kinyumenyume, na upande wa pili unakuwa maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi anaishika kwa mikono. Weka swichi ya chenjiova, inayolazimisha uchague gridi au jenereta, kamwe si vyote viwili.

Mama yangu anatumia insulini, na jirani yetu yuko kwenye mashine ya oksijeni. Tufanye nini?

Pole, na vizuri umeuliza mapema. Tuanze na insulini. Isiyofunguliwa hukaa nyuzi joto 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika, aina nyingi huvumilia nje ya friji kwa siku 28 mradi joto halizidi 25 au 30, kutegemea aina. Soma karatasi yake leo, uiandike nyuzi hiyo juu ya boksi kwa kalamu. Friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi karibu saa 4. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo sababu tunashauri kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji yagandishwe. Chupa hizo baadaye ziingie kwenye sanduku la ubaridi pamoja na insulini, lakini taulo iwekwe katikati. Insulini iliyogusana na barafu ikaganda imeharibika hata kama inaonekana sawa, na haitumiki tena.

Mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine na mchanga mbichi katikati, husaidia. Hewa ya pwani ikiwa na unyevu mwingi, mitungi hiyo hupunguza nyuzi chache tu. Weka kipimajoto ndani, usikisie.

Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula karibu wati 350. Kwa siku nzima ni zaidi ya kilowati-saa 8, mzigo ambao betri ndogo ya nyumbani haiwezi. Jirani yako anahitaji mtungi wa akiba. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi bar 150 una lita 1,500 za gesi. Kwa lita 2 kwa dakika ni saa 12 na nusu. Hesabuni mitungi mingapi inavusha hadi kufika hospitali, si hadi umeme urudi. Na jina lake liwe kwenye orodha ya kituo cha afya na ya shirika la umeme kabla ya dhoruba. Mgonjwa wa namna hii, ikitangazwa dhoruba kubwa, ahamishwe mapema.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kisiwa kidogo, watu mia chache. Tumepata fedha kidogo. Tuanze na nini: nyaya chini ya ardhi, jenereta kubwa, au sola?

Ndugu mwenyekiti, anza na pampu. Pampu ya sola inayokwenda moja kwa moja bila betri, ikipandisha maji kwenye tangi lililo juu kuliko nyumba zote, haina kinachoharibika kirahisi. Jua likiwepo inapampu, lisipokuwepo tangi linatoa. Tangi libebe matumizi ya siku tatu. Pili, zahanati: friji ya chanjo na taa za chumba cha kujifungulia, kwa mtambo wake peke yake. Tatu, mnara wa simu. Zungumzeni na wenye mnara kuhusu saa za betri na nani ana ufunguo wa jenereta.

Nyaya chini ya ardhi zinahimili upepo, lakini kwenye ardhi inayofunikwa na maji ya bahari viungo vyake huingia chumvi, na kupata mahali palipoharibika ni kazi ya vifaa na utaalamu ambao kisiwa kidogo hakina. Mahali pa juu, sawa. Ufukweni, tungebaki na nguzo fupi, zenye waya za kushikilia imara, na miti ikikatwa matawi kabla ya msimu.

Sola ya kisiwa kizima inawezekana. Ta'ū, katika Samoa ya Marekani, kisiwa chenye watu wasiofika 1,000, kiliwekewa mwaka 2016 mtambo wa megawati 1.4 na betri za megawati-saa 6 uliochukua nafasi ya jenereta za dizeli. Lakini mtambo huo ulikuja na fedha nyingi kutoka nje. Msiusubiri.

Kama jenereta ya dizeli ipo tayari, msinunue nyingine kubwa, itunzeni hiyo. Kila mwezi iwake dakika 30 ikiwa na mzigo, walau asilimia 30 ya uwezo wake. Dizeli inayowaka bila mzigo hujaza masizi na mafuta mabichi kwenye bomba la moshi, na siku ya kazi inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Fungueni koki ya chini ya tangi mtoe maji yaliyotuama, maana kwenye mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu vinavyoziba chujio. Jenereta nyingi zinazogoma siku ya shida zina ugonjwa mdogo sana: betri ya kuwashia imekufa. Betri ya pili iliyojaa, chujio mbili za akiba na mkanda mmoja ni bei ndogo.

Na wekeni stoo yenu wenyewe: transfoma moja ya akiba ya ukubwa unaotumika zaidi, fyuzi za nguzoni, vikombe, waya, nguzo kadhaa. Baada ya dhoruba, meli ya kwanza italeta watu na chakula, si vikombe.

Umeme ukirudi baada ya siku nyingi, niwashe vitu vyote?

Usiwashe. Umeme ukiwa umekatika, chomoa kila kitu, acha taa moja. Friji, pampu na viyoyozi vya mtaa mzima vikiamka pamoja, laini inazidiwa na kukatika tena, mara nyingi kwa mshtuko unaoua vifaa. Subiri dakika 15, anza na friji, kisha kimoja kimoja.

Ile taa itazame. Taa zikiwaka kali kupita kawaida, au moja kali na nyingine hafifu, zima meini swichi mara moja. Inawezekana waya wa kati (nyutro) umekatika mahali fulani, na soketi zako zinaweza kupata hata volti 400. Televisheni na chaja hudumu sekunde chache katika hali hiyo. Kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 kwa ajili ya friji ni ununuzi mzuri.

Nyumba iliyoingia maji ya bahari ni jambo jingine kabisa. Meini swichi ibaki imezimwa hadi fundi aje, hata kama kila kitu kimekauka. Soketi, swichi na breka zilizozama zibadilishwe zote, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu na kupitisha umeme wiki kadhaa baadaye. Nyaya zenyewe zinaweza kunusurika zikipimwa ukinzani wa ganda na kuonyesha walau megaohmu 1. Paneli za sola zilizoanguka au kuzama bado zina umeme jua likiziangukia: zifunike kwa turubai zito kwanza, watoto wakae mbali, na waya wake usikatwe kwa koleo na mtu asiye fundi.